Zipu imegoma na ardhi inakuja

SWALI: Bado mgeni kwenye hang glaida, lile bawa kubwa la kitambaa unaloruka ukiwa umening'inia chini yake, nimenunua ule mfuko wa kulalia kifudifudi unaofunika miguu mpaka karibu na kifua, wa mtumba. Juzi nikiwa nashuka zipu ikakwama katikati, nikawa napambana nayo huku nimeinama, kuja kuinua macho glaida ishageuka na niko chini mno. Nikatua kwa tumbo, bahati glaida ina magurudumu chini. Sasa inatakiwa nianze kutoka nikiwa juu kiasi gani, na ikigoma tena nifanyeje?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na nashukuru uko salama. Kwanza tuelewane hapo kwenye kutoka, kinachotoka ni miguu tu. Mikanda ya mapajani na kifuani, pamoja na karabina, ile pingu ya chuma inayokushikilia kwenye glaida, haiguswi mpaka umetua na glaida imesimama kabisa.

Mi nafungua zipu nikiwa na mita 150 hivi au zaidi, kabla sijaanza kuzunguka kuingia uwanjani. Kuna watakaokwambia ni mapema mno maana miguu ikiwa nje inakamata hewa na unashuka haraka kidogo, sawa, niko radhi. Hang glaida haina usukani, usukani ni mwili wako. Ukiinama kulia kutafuta zipu uzito umeenda kulia na yenyewe inakufuata kulia, halafu ule mkono mmoja uliobaki kwenye bomba la chini, lile la kulala mbele yako unaloshikilia, unavuta au unasukuma bila wewe kujua, ndo kilichokukuta. Huko juu unarekebisha, ukibaki na mita 20 huna nafasi hiyo.

Kwa hiyo vuta kamba ya zipu bila kuangalia. Ziko mbili, ya kufunga na ya kufungulia, mi ya kufungulia nimeipiga fundo kubwa ili kidole kiitambue. Piga teke kidogo, hakikisha miguu yote miwili iko nje, halafu endelea kulala na spidi yako! Wengi miguu ikishatoka wanasimama palepale, na ukisimama hovyo unasukuma bomba mbele, spidi inaisha, na karibu na ardhi upepo nao huwa unapungua, glaida inadondoka.

Ikikwama, irudishe kidogo kwa kamba ya kufungia kisha vuta tena, jaribu mara mbili tu. Ikiwa imegoma na umefika mita 50, achana nayo kabisa. Mikono miwili bomba la chini, ukabili upepo, chagua nyasi fupi, acha glaida iteleze juu kidogo ya nyasi mpaka spidi iishe, kisha sukuma taratibu magurudumu yaguse. Bomba za pembeni zinazopanda kwenye bawa usizishike maana pua ikichimba chini mikono ndo inavunjika. Kutua kwa tumbo si aibu, siku ile ulifanya sawa.

Na hiyo zipu ikague. Yangu ilinisumbua muda mrefu, nikaja kukuta uzi wa soksi umejisokota ndani ya kile kichwa chake, mwembamba kama unywele, nikautoa kwa sindano. Toa mchanga kwa mswaki mkavu, sugua meno yake kwa mshumaa, mafuta usipake yanakamata vumbi. Kisha uning'inize huo mfuko kwenye boriti imara, ingia, fumba macho, funga na fungua hata mara 20 mpaka mkono uzoee wenyewe. Uvae na koti unalorukia, uone kama pindo lake linafika kwenye zipu.