Jibu: Je, chuo cha taifa kinageuka chuo kikuu kwa kubadili jina tu?

Hapana mkuu, jina ndiyo kazi nyepesi, hata fundi rangi anaimaliza kwa siku moja pale getini. Tazama Chuo cha Ushirika Moshi. Kilianza 1963, kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine mwaka 2004, na kikasimama chenyewe 2014. Hiyo miaka kumi ya kulelewa ndiyo kiini chake: shahada zinatoka kwa chuo mama, huku mnasomesha wahadhiri wenu hadi uzamivu na kujaza maktaba. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, nao wanakagua mitaala. Kuhusu hofu yako kwamba chuo kikishageuka chuo kikuu stashahada zitafutwa, tulia. Moshi bado wanazitoa, na vyeti pia.