Bega la mrusha mkuki linapouma

SWALI: Nafundisha michezo sekondari. Binti wa miaka 15 anayerusha mkuki anaumwa bega kwa nyuma anapovuta mkono, na usiku hawezi kulalia upande huo. UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, inakaribia. Nimchue kwa dawa aendelee?
Mwalimu, Mafinga

JIBU: Hapana, Mwalimu. Asirushe kwanza. Dawa ya kuchua hutuliza maumivu tu, kilichoumia kinazidi kuumia.

Mkono ukivutwa nyuma kabisa, kano za misuli midogo inayoshikilia bega hubanwa kati ya kichwa cha mfupa wa mkono na ukingo wa nyuma wa kibakuli chake. Mkuki ukishatoka, misuli hiyohiyo ya nyuma ndiyo hufunga breki kwa mkono ulio kwenye kasi kubwa. Mirusho ikiwa mingi bila mapumziko, huchanika kidogo kidogo na kukakamaa.

Ila kwa umri wake linalotutia hofu zaidi ni mfupa wenyewe. Gegedu ambapo mfupa wa juu wa mkono hurefukia huenda bado halijafunga, nalo ni dhaifu kuliko kano. Apelekwe hospitali, apigwe eksirei ya mabega yote mawili ili yalinganishwe. Gegedu likiwa limetanuka, mara nyingi hukaa miezi kama 3 bila kurusha.

Akiruhusiwa, aanze na mpira wa ndani wa baiskeli uliofungwa kwenye nguzo, usawa wa kiwiko. Kiwiko kikunjwe nyuzi 90 na kibane kanga iliyokunjwa ubavuni. Avute kwa kuzungusha mkono kwenda nje, kisha arudishe polepole kuliko alivyovuta, kwani kule kurudisha ndiko kunakojenga breki. Mara 15, seti 3, siku 3 kwa wiki.

Tazama pia anavyorusha. Kiwiko kikishuka chini ya bega, au goti la mguu wa mbele likikunjika anapokita, nguvu ya miguu na kiuno haifiki kwenye mkuki na bega hubebeshwa kazi yote. Na upimeni mkuki: wasichana wa chini ya miaka 18 hurusha wa gramu 500. Wa gramu 600 ni wa wanawake wakubwa, na wa wavulana asiuguse kabisa.

Kwa baridi ya Mafinga mwezi Juni, dakika 15 za kukimbia na kuzungusha mikono zitangulie kila mazoezi. Arudi kwa mirusho 20 mepesi ya mpira wa tenisi akiwa amesimama, siku moja arushe, siku moja apumzike. Maumivu yakirudi, asimame. Kwa UMISSETA ya mwaka huu, mwandikishe mbio badala ya mkuki.