Jibu: Waranti ya Ferrari 360 kutoka Japani itanifaa Unguja?

Sheikh, umeuliza kama ile waranti ya mwaka mmoja anayokupa muuzaji wa Japani itakufaa gari ikishafika Unguja. Mimi ningeihesabu haipo. Gari ikikuzimikia Fuoni, nani ataipakia meli kuirudisha Osaka? Usikubali kuongezewa bei kwa karatasi hiyo.

La kushughulika nalo ni daftari la sevisi. Umefurahi kuwa imetembea kilomita 19,000 tu. Mimi hapo ndipo naingia wasiwasi. Injini ya 360 ina mikanda ya taimingi (mikanda ya mpira inayofanya vali zifunguke kwa wakati wake), si cheni kama F430 iliyoifuata, na mikanda huzeeka kwa miaka hata gari ikilala gerejini. Mmoja ukikatika, vali zinagongana na pistoni, basi tena. Taka risiti yenye tarehe ya kubadilishwa mikanda, kisha kilomita zake uzilinganishe na zilizoandikwa kwenye cheti cha ukaguzi cha Japani. Kama ni ya gia za F1, yaani zile za kubadilisha kwa vibonyezo vya kwenye usukani bila pedeli ya klachi, waambie waipime klachi kwa kompyuta wakutumie kiwango kilichobaki.

Na haya matuta ya barabarani kwetu umeyafikiria lakini?