Besi Haitaki Nguvu

Mtu akinifuata kuniuliza anunue gitaa gani la besi la kuanzia, kwa kawaida anakuja na majina mawili matatu ya kampuni ameshayashika kichwani, na anachotaka ni nimwambie lipi kati ya hayo. Huwa simwambii. Namuuliza kwanza: besi aliyowahi kuishika, ilimbidi abonyeze uzi kwa nguvu kiasi gani mpaka noti itoke safi? Wengi hawajawahi kulifikiria hilo. Mimi, baada ya miaka mingi ya kupiga, kufundisha na kuwasindikiza wanafunzi madukani, naona hilo ndilo swali lenyewe. Besi inayokufaa ni ile inayokubali kupigwa kwa mkono mwepesi, na ufundi wa kuipiga, kwa sehemu kubwa, ni kujifunza kuacha nguvu usizozihitaji.

Ala yenyewe inamshawishi mtu akaze mikono. Ni ndefu, nyuzi zake ni nene, na nyuzi nne zikishakazwa kwa tuni ya kawaida, yaani E, A, D na G kuanzia uzi mnene kabisa, zinaivuta shingo kwa nguvu ya takriban kilo 70 hadi 80 kwa pamoja. Ndani ya shingo mna fimbo ya chuma inayopingana na mvuto huo. Mbao zikinywa unyevu au zikikauka, mizani hiyo inayumba, shingo inapinda kidogo na nyuzi zinapanda. Ndiyo maana besi mbili za kiwanda kimoja, za bei moja, zinaweza kuning'inia ukutani zikiwa zimekaribiana, moja ikapigika kwa raha na nyingine ikakuchosha vidole kabla wimbo haujaisha. Mara nyingi hiyo ya pili haina ubovu wowote. Haijarekebishwa tu.

Kwa hiyo ukifika dukani usianze kwa kuomba waya. Ishike besi ikiwa kimya, kaa nayo, piga kila uzi kwenye kila freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyolazwa kukingama shingo, polepole, kuanzia freti ya kwanza hadi ya mwisho. Kazi hiyo inachosha na muuzaji anaweza kukutazama vibaya, lakini hakuna kipimo kinachoipita. Uzi ukivuma kwenye freti moja tu, huenda freti ya mbele yake imenyanyuka. Ukivuma kwenye freti nyingi za mwanzo, huenda shingo imenyooka kupita kiasi au imepinda kinyumenyume.

Kisha pima shingo. Bonyeza uzi wa E kwenye freti ya kwanza kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ubonyeze kwenye freti ya mwisho kabla shingo haijaungana na mwili wa gitaa. Sasa uzi umekuwa rula. Angalia karibu na freti ya 7 au ya 8: kati ya uzi na kichwa cha freti panatakiwa pawe na upenyo mdogo sana, kama unene wa kadi ya biashara. Usipouona kabisa, au ukiona kidole kinakaribia kupita, fimbo ya ndani inahitaji kuzungushwa, na hiyo ni kazi ya dakika chache kwa fundi anayeijua. Achia uzi, nenda freti ya 12, tazama urefu kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi wa E. Milimita 2 hadi 2.5 inamfaa mtu anayeanza. Ukikuta 4, vidole vyako vitalipa gharama kila siku.

Papasa pia kingo za shingo kwa kiganja, juu na chini. Ncha za freti zikikuchoma, mbao zimekauka na kusinyaa, na mkono wako utaogopa kutembea. Vaa mkanda, simama, kisha uachie shingo taratibu. Besi ambayo kichwa chake kinaanguka kuelekea sakafuni itaufanya mkono wa kushoto uwe mhimili, ilhali mkono huo una kazi nyingine.

Ndipo uombe waya na amplifaya. Weka nobu zote za amplifaya katikati, usikubali sauti iliyokwisha kupambwa. Zungusha kila nobu ya gitaa ukisikiliza mikwaruzo, tikisa waya kidogo kwenye tundu lake. Piga hamoniki kwenye freti ya 12, yaani uguse uzi kwa wepesi juu ya freti bila kuubonyeza, kisha ubonyeze noti hiyohiyo kwenye freti ya 12: zisipolingana, daraja, yaani chuma kinachoshikilia nyuzi mwilini mwa gitaa, halijapangwa. Muuzaji akitaka kukuonyesha uwezo wa besi, mpe aipige, wewe rudi nyuma hatua kadhaa, kwa sababu pale uliposimama mbele ya spika iliyo magotini mwako husikii wanachosikia wengine. Lakini usinunue besi kwa sababu muuzaji ana vidole vyepesi.

Kabla hujalipa, omba irekebishwe: shingo, kimo cha nyuzi, daraja. Duka linalojiheshimu litafanya. Lisipotaka, ingiza gharama ya fundi katika bajeti yako tangu mwanzo, na uniamini kwamba besi ya bei ya chini iliyopita mikononi mwa fundi mzuri inaishinda ya bei ya juu iliyotoka kwenye boksi moja kwa moja.

Kuhusu ukubwa, watu wanaona haya bila sababu. Mtengenezaji wa magitaa Leo Fender alipoanza kuuza besi yake ya Precision Bass mwaka 1951 huko Marekani, aliuweka urefu wa uzi kuwa inchi 34, na kipimo hicho ndicho kilichobaki cha kawaida mpaka leo. Kwa kipimo hicho, kutoka freti ya kwanza hadi ya nne ni kama sentimita 13. Ziko besi fupi za inchi 30, na kwake umbali huohuo ni kama sentimita 11 na nusu. Kwa mkono mdogo, sentimita hiyo moja na nusu ni kitu kikubwa. Besi fupi si ya watoto. Sauti yake ni ya mviringo kidogo, nyuzi zake ni laini zaidi, na wapo wapigaji wakubwa waliojenga jina kwa besi fupi. Paul McCartney ni mmoja wao.

Nyuzi tano? Subiri. Uzi wa B wa chini unashuka hadi karibu mitetemo 31 kwa sekunde, unahitaji spika nzuri na unahitaji mkono unaojua kunyamazisha. Mambo yote mawili huja baadaye.

Besi iliyotumika ninaipendekeza bila wasiwasi, kwa sababu mbao na vyuma vyake vinadumu. Kinachochoka ni freti, nobu na tundu la waya. Freti zenye mifereji mirefu chini ya nyuzi ni gharama, vingine ni vidogo. Ikiwa ni ya kutumia betri, kumbuka kuchomoa waya ukimaliza, maana katika besi nyingi za namna hiyo waya ukiwa umechomekwa betri ya volti 9 inaendelea kuliwa hata kama hupigi.

Amplifaya nitaisema kwa kifupi. Uzi wa E ukiwa wazi unatetemeka karibu mara 41 kwa sekunde, na sauti ya chini namna hiyo inadai spika isukume hewa nyingi. Spika ya simu haiwezi. Unayoisikia pale ni mizimu ya noti, si noti yenyewe. Kwa mazoezi ya chumbani wati 20 au 30 zinatosha, au hedifoni nzuri. Siku utakayopiga na dramu halisi, anza kufikiria wati 200 na kuendelea, kwani kuongeza wati mara mbili kunaongeza desibeli 3 tu. Na usichomeke besi kwenye amplifaya ya gitaa la solo ukaifungulia, utaichana spika. Tena, ile sauti tamu ya chumbani yenye chini nyingi na juu nyingi huku katikati pamefutwa hupotea kabisa bendi ikianza. Besi husikika kwa sauti zake za katikati.

Sasa mikono, ambako ndiko moyo wangu uliko.

Kuna zoezi ninalompa kila mwanafunzi. Bonyeza noti yoyote, tuseme freti ya 5 ya uzi wa A. Endelea kuipiga kwa mkono wa kulia, tiki tiki tiki, huku ukilegeza kidole cha kushoto kidogokidogo. Utafika mahali uzi utaanza kuvuma. Ongeza nguvu kidogo tu mpaka mvumo uishe, kisha usimame hapo. Hiyo ndiyo nguvu inayotakiwa. Karibu kila mtu hushtuka, maana ni sehemu ndogo sana ya ile aliyokuwa akiitumia. Sogeza kidole kikae nyuma kabisa ya freti, kikaribiane nayo bila kuikanyaga, na nguvu inayohitajika inapungua tena. Gumba nyuma ya shingo linaegemea tu, halibani. Mimi huwaambia waliondoe kabisa kwa dakika moja na kupiga bila gumba. Noti zinatoka vilevile.

Upande wa kichwa, kwenye freti za mwanzo, usilazimishe kila kidole kimiliki freti yake. Wapigaji wa besi kubwa ya kusimama wamerithishana njia nzuri: kidole cha shahada, cha kati, kisha cha pete na cha mwisho vikibonyeza kwa pamoja, vikisaidiana. Mkono unafunika freti tatu na unahama. Ukipanda juu ya freti ya 5 au ya 7, ambako nafasi zimebanana, ndipo vidole vinne vigawane freti nne.

Mkono wa kulia: shahada na cha kati, kwa zamu, kila mara kidole kikimaliza safari kwa kutua kwenye uzi mnene wa jirani. Ukivuka kwenda uzi mnene, kidole kilichotua ndicho kinachoendelea, hakuna haja ya kubadilisha. Fungua sauti ya amplifaya kuliko ulivyozoea, kisha piga kwa ulaini. Mtu anayepiga kwa nguvu sauti ikiwa chini amejinyima nafasi ya kutofautisha noti kubwa na ndogo, kwa sababu amekwisha fika kileleni. Anayepiga kwa ulaini ana akiba. Usifikiri pia kwamba kuna namna moja tu iliyoruhusiwa: James Jamerson, aliyepiga besi katika rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown, alitumia kidole kimoja cha shahada, Carol Kaye alitumia piki, kile kibao kidogo cha kukwanyulia nyuzi, Jaco Pastorius alipiga nyuma karibu na daraja, ambako sauti inakauka na kupata meno. Sogeza mkono wako kutoka mwisho wa shingo hadi darajani ukisikiliza, utapata sauti tatu nne bila kununua chochote.

Lakini jambo ambalo linamtenga mpigaji na mtu mwenye besi ni kunyamazisha. Jaribu hivi. Piga noti ya D kwenye freti ya 5 ya uzi wa A, iache isikike kidogo, kisha izime. Sikiliza. Uzi wa D, ambao hukuugusa, unaimba peke yake, kwa sababu noti uliyoipiga ni ileile yake. Katika chumba kimoja utaona ni kitu kidogo. Kwenye spika kubwa, nyuzi tatu zikiimba bila ruhusa chini ya wimbo, bendi nzima inakuwa matope. Dawa iko katika mikono yote miwili. Gumba la kulia lisikae daima juu ya pikapu, kile kifaa chini ya nyuzi kinachonasa sauti: ukipiga uzi wa A litue kwenye E, ukipiga D litelemke liguse A huku likiulalia E, na kuendelea. Vidole vya kushoto visivyobonyeza vilale kwa wepesi juu ya nyuzi nyembamba. Mwanzoni inakera. Jirekodi kwa simu, kisha usikilize kwa hedifoni ule muda ambao noti zimekoma. Hapo ndipo utakapojua.

Fanya haya taratibu, metronomu, yaani kifaa cha kuhesabia mapigo, ikiwa kwenye mapigo 60 kwa dakika, na usipandishe mwendo mpaka mabega yawe yameshuka na pumzi inakwenda kawaida. Urefu wa mkanda uwe ule unaoiacha besi mahali palepale ukiwa umekaa au umesimama, vifundo vyote viwili vya mikono vikiwa vimenyooka. Uchovu wa misuli ni kawaida. Maumivu ya kiganja au ganzi kwenye vidole si kawaida, hata kidogo: weka besi chini, pumzika, na vikirudi muone daktari. Nimewaona watu wenye kipaji wakiacha ala hii kwa kujikaza juu ya maumivu, na inaniuma mpaka leo.

Ukishaweza kupiga noti chache zikiwa safi, usikae chumbani miezi. Tafuta mpiga dramu, hata anayeanza. Mwombe apige mdundo mmoja rahisi bila mapambo, na wewe piga noti moja tu, ukiangalia mguu wake wa kulia: noti yako ianze pale ngoma ya mguu inapogonga, na ikatike kabisa pale fimbo inapogonga snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali. Mkikaa hapo dakika kumi bila kubadilisha kitu, utasikia sauti zenu mbili zimekuwa moja. Kisha badilisheni urefu wa noti tu, iburute ipite snea, na usikie jinsi wimbo mzima unavyolegea.