Shilingi ya 1966 kwenye chenji: usiisugue!

Mkuu, weka hilo limau na magadi chini kwanza, mengine baadaye. Umesema dukani wamekurudishia shilingi moja ya 1966, ile ya Mwalimu yenye mkono ulioshika mwenge upande wa pili, mkidhani wote ni mia tano. Inatokea, ukubwa unakaribiana. Ya mia tano inanasa kwenye sumaku, hiyo hainasi. Unauliza daraja lake, yaani ubora wake ukoje, bei, na pa kuuzia. Halafu mwishoni unachomeka: "naisugua kidogo ing'ae, ndipo nipige picha." Hapo nimeshindwa kunyamaza.

Mimi nilikuwa na shilingi ya Afrika Mashariki ya 1924, ya Mfalme George wa Tano, ina simba na milima nyuma yake. Ilikuwa imeingia rangi ya kijivu inayokaribia bluu. Nikaona uchafu. Jamaa mmoja wa video, sauti yake ya upole utadhani mchungaji, akaapa kwamba unga wake "unarudisha sarafu kama ilivyotoka kiwandani". Nikanunua unga, nikasugua na mswaki, tena kwa bidii, mtu wa kazi mimi! Ikang'aa kama sufuria ya harusi. Mnunuzi aliyekuwa ameipenda kwenye picha za mwanzo akaishika, akaiinamisha chini ya taa mara moja tu, akanirudishia. "Hii imesuguliwa." Bei aliyonipa baadaye hata nauli yangu haikurudi. Na yule mchungaji wa unga simu hapokei hadi leo. Mke wangu ndiye aliyefaidi, vijiko vyetu vinameta balaa.

Sarafu ikigongwa mtamboni, madini yake hutambaa na kuacha vijistari vidogo mno. Ukiiinamisha, mwanga unazunguka juu ya vijistari hivyo. Ukisugua umevikata, havirudi. Unabaki na mng'ao uliolala, uliojaa mikwaruzo. Ile rangi niliyoiita uchafu ilikuwa ngozi ya fedha yenyewe. Hata wapimaji wa ubora wa sarafu wa Marekani wanaotumia kipimo cha 1 hadi 70, sarafu iliyosuguliwa wanainyima namba na kuandika kwamba imesafishwa. Chakavu ambayo haijaguswa inaheshimika kuliko hiyo.

Yako iangalie hivi: taa moja, ya pembeni. Kagua nywele za Mwalimu juu ya sikio, shavu, kisha vifundo vya vidole kwenye mwenge. Sehemu hizo zimeinuka, ndizo huliwa kwanza. Zikiwa bapa na rangi yake tofauti na pengine, imetumika. Kwenye kile kipimo cha Marekani, namba kuanzia 60 ni za zile ambazo hazijalika kabisa, na yako imepita kwenye droo ya duka, kwa hiyo tulia, usiitarajie huko.

Ishike ukingoni, itie kwenye bahasha kavu ya karatasi, siyo kifuko laini cha plastiki, vile vinatoa utando wa kijani. Kisha tupia picha hapa, pande zote mbili, bila flashi. Na bila kuosha!