Njooni Agosti, na Portal muiache

Mwanangu Rehema,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Umeniuliza mambo mawili: mje Aprili au Agosti huku Arizona kuwaona ndege wavumaji, wale wadogo wanaoitwa hummingbird, na kama siku tano zinatosha kufika makorongo yote manne uliyoyaorodhesha. La kwanza nalijibu kwa furaha. Kwa la pili utanisamehe, nimeshachukua kalamu nyekundu.

Njooni mwanzo wa Agosti, kabla shule ya mjukuu wangu Juma haijafunguliwa. Najua joto la Tucson linakutisha, na kweli mjini nyuzi 38 hazimshangazi mtu. Lakini ndege tunawafuata milimani. Kusini mwa Arizona milima imechomoza katikati ya jangwa kama visiwa baharini, na Sierra Vista mtakakolala iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Aprili si mbaya, ule mmea wa jangwani wa ocotillo huwa umechanua mwekundu kila mahali. Ila kuanzia Julai waliozalia kaskazini huanza kurudi kusini, wakakutana hapa na wenyeji na wachache waliovuka kutoka Mexico. Inakuwa kama stendi ya mabasi mkesha wa Idi. Yuko mmoja anaitwa Rufous, rangi ya kutu, na wengine wao wametoka mbali mpaka Alaska. Uzito wake ni gramu tatu na kitu, lakini akishaikalia chupa ya maji ya sukari waliyotundikiwa, hakuna mwingine atakayeonja. Mvumaji mwingine, Rivoli's, ana uzito wa mara mbili yake na bado anatimuliwa! Juma atacheka mpaka akae chini.

Nilipowaona mara ya kwanza nilimwambia mama yako, "Kumbe chozi wapo hata huku." Sivyo. Chozi wetu wa Tanga kwa kawaida hutua kwenye tawi ndipo anyonye ua. Huyu hutundikika hewani, mabawa yakienda mara hamsini hivi kwa sekunde, na akitaka hurudi kinyumenyume. Nje ya bara la Amerika hayupo kabisa.

Sasa hayo makorongo manne. Mwaka wetu wa kwanza hapa, mimi na mama yako tulizunguka matatu kwa siku moja. Tulichokiona vizuri ni maegesho ya magari. Kwa hiyo Portal, lile la mbali katika orodha yako, nimeifuta. Ni pazuri, lakini kutoka Tucson ni zaidi ya saa mbili na nusu kwenda tu, na mna mtoto wa miaka saba. Siku ya kwanza nendeni Madera Canyon. Mtashika I-19, ambayo vibao vyake vya umbali vimeandikwa kwa kilomita, utajiona uko njia ya Segera. Tokeni namba 63. Baada ya hapo laleni Sierra Vista, asubuhi moja iwe ya Ramsey Canyon, na mfike mapema kwa sababu maegesho ni machache.

Asubuhi mbili zote nataka mzipeleke Patagonia, mji mdogo wa huku huku Arizona. Hapo pana uwanja wa nyuma wa nyumba ya mzee Wally Paton na mkewe Marion, walioanza kuwafungulia wageni lango miaka ya 1970, mtu asiyewajua akaingia na kukaa. Walichoomba ni hela kidogo ya sukari kwenye kopo. Wote wawili wameshafariki, na tangu 2014 nyumba iko mikononi mwa shirika la ndege la Tucson Audubon, ambalo sasa linaitwa Tucson Bird Alliance, lakini mabenchi yapo na chupa zimetundikwa. Hapo ndipo pa kumwona mvumaji aitwaye Violet-crowned, kifua cheupe kama kanzu iliyopigwa pasi, mdomo mwekundu.

Mfundishe Juma kukaa jua likiwa mgongoni. Koo la dume huonekana jeusi tii, unaweza kudhani ni ndege wa kawaida tu, kisha anageuza shingo kidogo na linawaka waridi au zambarau, halafu linazimika tena. Ukiwa unahama chupa hadi chupa hilo hulipati. Darubini msinunue, yangu ipo, na kwenye chupa macho matupu yanatosha.

Mvua. Agosti ndiyo masika ya huku. Asubuhi kweupe, mchana mawingu yanarundikana, alasiri radi. Kwa hiyo ondokeni alfajiri na saa saba muwe mmerudi. Mkikuta maji yanakata barabara, simameni hata kama yanaonekana ya kifundoni. Mto uliokuwa mchanga asubuhi hubeba gari jioni.

Na mumeo atembee na kadi yake ya ukaazi mfukoni, si kwenye begi ndani ya buti. Barabara za kurudi kaskazini zina vizuizi vya doria ya mpakani, na sheria inamtaka mgeni mtu mzima awe nayo. Wanauliza, unaonyesha, unapita. Mimi mara moja niliisahau nyumbani, na jasho lililonitoka siku ile halikuwa la jangwa.

Chupa za hapa kwetu mama yako anazijaza mwenyewe, kikombe kimoja cha sukari nyeupe kwa vinne vya maji, bila rangi wala asali. Mwaka jana kila asubuhi alizikuta tupu akamshuku paka wa jirani. Kumbe ni popo, wanaokuja usiku mwishoni mwa kiangazi kunywa maji hayo hayo. Mkilala kwetu usiku wa mwisho, Juma aruhusiwe kukesha kidogo.

Nijibu kabla ya Ijumaa, vyumba vya Sierra Vista sijavilipia bado.

Baba yako