Shoti ya dukani: bosi kakata mshahara, vyeti anavyo yeye

SWALI: Nahudumia kwenye kibanda cha wakala wa fedha za simu hapa Morogoro, mshahara 240,000 kwa mwezi. Mwezi uliopita ilionekana shoti (pesa pungufu kwenye hesabu) ya 180,000, bosi akaikata yote, nikabaki na 60,000. Mkataba wa maandishi sina. Vyeti vyangu halisi anavyo yeye, na chumba ninacholala ni chake. Nifanyeje?

JIBU: Dada, tuanze na hesabu. Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamruhusu mwajiri kufidia hasara kutoka kwenye mshahara, ila kwa masharti: iwe imetokea kazini kwa kosa lako, akuandikie chanzo, kiasi na jinsi alivyokikokotoa, akupe nafasi ya kupinga, nawe ukubali deni kwa maandishi. Tena makato yasizidi robo ya mshahara. Robo yako ni 60,000, kwa hiyo hata kama shoti ni yako kweli, angeikata kwa miezi mitatu. Yeye kageuza kibao: kakuachia robo, kachukua robo tatu.

Ile karatasi ya "nakubali kudaiwa" inayoletwa usiku uleule wa kufunga hesabu ndiyo mtego. Usiisaini kabla hujaona hesabu.

Na kosa ni la nani? Floti (salio lililo kwenye laini ya wakala) ukijumlisha na taslimu lazima upate mtaji ulioachiwa, kamisheni ikihesabiwa kando. Kama bosi au ndugu yake hutumia laini hiyohiyo kwa namba ya siri hiyohiyo, bila makabidhiano, shoti haina mwenyewe. Kuanzia kesho andika kwenye daftari, asubuhi na jioni: floti, taslimu, jumla, aliyekabidhi, aliyepokea, saini mbili. Piga picha ukurasa huo.

Kukosa mkataba kunamuumiza yeye kuliko wewe. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Akishindwa kuyatoa kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa ni wake.

Sasa mpangilio, maana kazi, chumba na vyeti vyote viko kwenye mkono mmoja. Kabla ya kulalamika popote, omba vyeti kwa ujumbe wa simu ili tarehe ibaki. Mwambie unataka kuvitoa nakala; sababu hiyo inatosha. Kisha tafuta pa kulala, hata kwa ndugu. Usichelewe mno: mgogoro wa makato hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 60, na ukiachishwa kazi una siku 30 tu. Chukua Fomu Na. 1 kwenye ofisi yao, ijaze, mpe bosi nakala asaini kuipokea, ndipo uwasilishe. Wengi hukwama hapo: wanapeleka fomu bila uthibitisho kwamba mwajiri kaipata.

Malipo yajayo, daftari la mishahara unalosaini likisema 240,000 nawe umepewa pungufu, andika kiasi ulichopokea pembeni ya saini yako.